Kozi ya historia ya upasuaji wa ubongo pale Yale: nyota mbili, tena kwa shingo upande

Mhadhara wa kwanza niliusikiliza miezi kadhaa iliyopita, nikakesha. Kozi inauzwa mtandaoni na watu binafsi, si Chuo Kikuu cha Yale chenyewe, na wanajua kusimulia. Harvey Cushing, mpasuaji mashuhuri wa ubongo wa Marekani, anahamia Yale mwaka 1933, mkusanyo wake wa bongo za wagonjwa unamfuata. Miaka inapita, mitungi zaidi ya 500 yenye bongo hizo inatelekezwa chini ya bweni la wanafunzi wa udaktari, nao wanainyemelea usiku kuitazama, hadi ilipookolewa na kufunguliwa ukumbi wake mwaka 2010. Hapo nyota zangu zilikuwa tano.

Kikaja kipindi cha maswali. Nikauliza: mbona Louise Eisenhardt hatajwi popote? Mhadhiri akanijibu, "Huyo alikuwa karani wa Cushing, dada. Tusiwapotezee wenzako muda." Sijamaliza kusema "samahani mwalimu", maikrofoni yangu imezimwa.

Karani! Ni kweli alianza mwaka 1915 kama msaidizi wa uhariri. Kisha akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Tufts, akahitimu 1925, akawa bingwa wa kutambua vivimbe vya ubongo kwa hadubini. Daftari la wagonjwa wa Cushing alilitunza yeye: nani kapasuliwa, uvimbe gani, kaishi muda gani. Ondoa daftari hilo, mitungi inabaki nyama ndani ya dawa. Mwaka 1938 akawa rais wa Harvey Cushing Society, chama cha wapasuaji wenyewe, na 1944 mhariri wa kwanza wa Journal of Neurosurgery, jarida la upasuaji wa ubongo na neva. Unafundishaje mkusanyo ule ukimruka?

Sitaki kudhulumu. Mhadhara kuhusu kuzuia damu ni mzuri mno. Anaeleza jinsi kifaa cha umeme cha William Bovie, mwaka 1926, kilivyomwezesha Cushing kurudia uvimbe aliokuwa ameshindwa kuutoa siku chache kabla kwa sababu ya damu. Nimeurudia mara mbili, na kwa huo peke yake sijutii ada.

Nilitaka kuishia hapo na nyota tatu. Lakini niliwaandikia kuhusu Eisenhardt, nikataja miaka yote hiyo, na jibu lilikuwa mstari mmoja: "Asante kwa maoni yako." Nimepunguza moja. Siku watakapomrekodia mhadhara wake, nitairudisha.