Tangi dogo la maji ya chumvi la lita 60, likipimwa kwa joto la Malindi

Seti hii ya tangi la lita 60 huuzwa kwa ahadi kwamba anayeanza kufuga samaki wa baharini na matumbawe hatahitaji kununua kitu kingine, kwa kuwa kioo, taa, pampu, kichujio, hita na kipimo cha chumvi vyote vimo ndani ya boksi moja. Nimeitumia nyumbani hapa Malindi, katika chumba kisicho na kiyoyozi, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Kwa maoni yangu kioo na kichujio vinastahili bei yake, ilhali mfuniko, hita na kipimo cha chumvi vilitengenezwa kwa kumfikiria mtu wa nchi ya baridi. Mkazi wa pwani yetu anaweza kuinunua, mradi ajue mapema kipi atakiweka kando na kipi ataongeza.

Kioo hakina kasoro. Silikoni imepigwa kwa usafi kwenye pembe zote, na kingo zimesuguliwa hata hazikwaruzi mkono wakati wa kusafisha. Likishajazwa maji, mchanga na mawe, tangi hukaribia kilo 80, kwa hiyo meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Ni afadhali seremala atengeneze kimeza cha mbao nzito, nacho kipimwe kwa pimamaji kabla ya tone la kwanza kumiminwa, kwa sababu kioo kilichoegemea upande mmoja hubeba mkazo usio sawa mpaka siku kitakapopasuka. Liwekwe mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni kichujio, ambacho kimefichwa nyuma ya ukuta mweusi na kugawanywa vyumba vitatu. Maji huingia kupitia matundu membamba yaliyo juu, hivyo yale mafuta yanayotanda usoni mwa maji huondolewa moja kwa moja. Kisha hupita kwenye sponji, kaboni na vipete vya kauri ambamo bakteria hujenga makao yao, na mwishowe pampu huyarudisha mbele. Sponji inapaswa kuoshwa kila wiki kwa maji yaliyotolewa tangini, si kwa maji ya bomba, maana klorini huua bakteria wale wale tunaowahitaji. Kasoro moja ipo hapa, nayo haikuandikwa popote katika kitabu cha maelezo. Maji yanapopungua kwa kukauka, upungufu hauonekani mbele; mbele maji husimama pale pale, huku chumba cha mwisho chenye pampu kikishuka kimyakimya. Ghafla pampu huanza kunguruma na kutapika viputo vyeupe tangi zima. Mtengenezaji angepaswa kuweka alama ya kiwango ndani ya chumba hicho. Kwa kuwa hakuweka, mnunuzi abandike kipande cha utepe usiopitisha maji na akitazame kila asubuhi.

Kinachokauka ni maji peke yake, chumvi hubaki. Kwa sababu hiyo, cha kuongeza kila siku ni maji matamu yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi na madini, kamwe si maji ya bahari, la sivyo uchumvi utapanda siku hadi siku. Maji ya bomba nayo yana madini yanayolisha mwani usiotakiwa, na mabomba ya shaba yanaweza kuachia shaba kidogo, ambayo hata kwa kiasi hafifu ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe.

Sasa mfuniko. Ni wa kioo, unaziba karibu uso wote wa maji, na katika nchi ya baridi kazi yake ni kuhifadhi joto. Machi ya Malindi haihitaji msaada huo. Matumbawe hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na taa pamoja na pampu huongeza joto juu ya lile la chumba. Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, ilhali bahari hupata joto polepole. Lita 60 za sebuleni hupata joto kwa saa chache tu, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Ushauri wangu ni kuondoa mfuniko, kuweka wavu mwembamba ili samaki wasiruke nje, na kufunga feni ndogo inayopuliza usoni mwa maji. Feni hushusha nyuzi mbili hivi, ingawa siku zenye unyevu mwingi hewani msaada wake hupungua, na maji hukauka kwa kasi zaidi. Hita nayo ibaki kwenye boksi lake. Hita ikikwama ikiwa imewaka, tangi zima huchemka, na hapa kwetu hatari hiyo haina faida ya kuifidia.

Kipimo cha chumvi kilichomo ni kile cha plastiki chenye mshale unaoelea. Viputo vidogo vya hewa hung'ang'ania mshale na kuuinua, hivyo kipimo husema maji yana chumvi nyingi kuliko iliyopo. Nunua rifraktomita, kifaa kinachopima uchumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone la maji, uirekebishe kwa kimiminika maalumu chenye uchumvi wa 35 kwa elfu, ambao ndio uchumvi wa kawaida wa bahari. Vifaa vya kupimia amonia, nitriti na nitrati, yaani kemikali zinazotokana na taka za viumbe wa tangini, pia havimo katika seti, na upungufu huu ni mkubwa, kwa kuwa bila vifaa hivyo anayeanza hana namna ya kujua tangi limekuwa tayari lini.

Wengi watauliza kwa nini kununua chumvi ilhali bahari ipo mlangoni. Maji ya bahari yanafaa, lakini si ya kila mahali wala kila msimu. Mto Sabaki humwaga maji yake kaskazini mwa mji, na upepo wa kaskazi huyasukuma yale maji mekundu ya tope kuja upande wetu, kama kila anayepita ufuoni anavyoona. Ni bora kuyachota Mayungu au Watamu, kusini mwa mji, maji yakiwa yamejaa, mvua ikiwa haijanyesha kwa siku kadhaa, kwa jerikeni ambazo hazijawahi kubeba dizeli wala sabuni, kisha kuyachuja kwa kitambaa safi. Msimu wa tope, chumvi maalumu ya pakiti ndiyo salama: gramu 35 hadi 38 kwa lita moja ya maji yaliyochujwa. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina madini ya kalisi na magnesi ambayo matumbawe hujengea mifupa yao.

Maji yakishatiwa, kitabu cha maelezo kinasema samaki waingie baada ya wiki moja. Maelezo hayo ni ya hatari. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita kuenea. Mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri, kiumbe chochote kitakachotiwa humo kitaungua mashavu ya kupumulia. Katika muda huo ukoga wa kahawia hutanda juu ya mchanga na mawe. Usihangaike kuupiga dawa, hupungua wenyewe.

Mawe yawe makavu, ya kununua. Kuokota mwamba hai, yaani jiwe la baharini lenye viumbe ndani yake, au matumbawe katika Hifadhi ya Taifa ya Baharini ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, ni kosa la jinai, na hata tusingekuwa na sheria hiyo, mwamba ule ni nyumba ya samaki wanaolisha mji huu. Samaki na matumbawe vitoke kwa muuzaji mwenye leseni anayeonyesha karatasi zake. Kwa ukubwa huu, samaki wawili wadogo wa jamii ya Amphiprion, wale wanaoishi katikati ya anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri), wanatosha, pamoja na konokono wachache wa kula mwani. Ukipewa samaki kangaja mdogo mwenye rangi ya kupendeza, mkatae. Atapita sentimita 20, na tangi hili litakuwa jela yake. Matumbawe laini yaje baada ya miezi miwili au mitatu, nayo taa ya seti hii inayatosha kabisa ikiwashwa saa nane kwa siku. Uyashike kwa glavu, kwa sababu baadhi ya jamii za zoanthidi, viumbe jamaa wa matumbawe, zina sumu kali inayoingia kupitia vidonda.

Kuhusu umeme, kila aliye Malindi anajua hali ilivyo. Pampu ikisimama kwa saa kadhaa, oksijeni hupungua na bakteria wa vyumba vya nyuma huanza kufa. Pampu ya hewa inayotumia betri, inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, ina bei ndogo na inafaa kununuliwa siku ile ile ya tangi. Waya zote zilegezwe mpaka zipinde chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lisitiririke hadi kwenye umeme.

Jambo la mwisho ni vipuri. Rota ya pampu, ile sehemu inayozunguka ndani yake, huchakaa kwa chumvi na ukoko wa kalisi, na vipimo vyake si sawa na vya pampu nyingine zinazouzwa madukani. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuuzie rota ya akiba papo hapo. Akisema itaagizwa baadaye, nunua pampu nzima ya pili, ukihakikisha kwanza kwamba inaingia katika kile chumba cha nyuma.