Bima ya siku ya uwanjani kwa GR86 yangu: nilicholipa na nilicholipwa

Chukua hati yako ya bima kubwa hapa Uingereza, tafuta ukurasa wa mambo ambayo kampuni haibebi. Utakuta sentensi inayotaja mbio, mashindano, majaribio ya mwendo na kuendesha kwenye uwanja wa mbio. Waliozoea hati za Nairobi na Dar es Salaam wataitambua mara moja, maana kifungu hicho kipo na huko. Baadhi ya kampuni za hapa huutaja hata Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, kwa jina, ingawa siku za wazi barabara ile huhesabiwa kuwa ya umma, ya kulipia. Kwa lugha nyepesi, ukishaingiza matairi kwenye lami ya mbio, ile bima unayoilipia mwaka mzima imelala.

Naandika haya kwa sababu nimeona Waswahili wengi huku wakinunua magari ya michezo na kuyapeleka uwanjani, zile siku ambazo mtu hulipia kuendesha gari lake mwenyewe kwenye uwanja wa mbio bila kushindana, wakiamini bima kubwa ni bima kubwa, popote pale. Nilinunua bima ya siku moja, nikapata ajali, nikadai, nikalipwa. Nawasimulia ilivyokwenda.

Gari langu ni Toyota GR86, injini ya lita 2.4, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, gia za mkono. Nilipenda Toyota tangu utotoni kama tulivyopenda wengi, lakini hili nalipenda kwa namna nyingine kabisa. Lilipofunguliwa kwa oda hapa Uingereza mwaka 2022, mgao wa kwanza uliisha ndani ya dakika 90, na sasa jipya haliuzwi tena. Ukiliharibu lako, unaingia sokoni kugombania la mkononi. Hilo ndilo lililonifanya nitafute bima, wala si woga wa kona.

Bima hizi huuzwa kwa siku, na kwa kawaida hupatikana kupitia madalali wanaojihusisha na magari ya michezo na ya kale. Wangu alinipigia simu mwenyewe baada ya kujaza fomu. Aliuliza uwanja gani, tarehe gani, nani atashika usukani, gari limebadilishwa nini na lina thamani gani. Nilimtajia kila kitu, hata pedi za breki nilizofunga za kustahimili joto na mafuta ya breki ya daraja la juu. Hakuongeza hata pauni moja kwa ajili ya pedi, ila alisisitiza zisomeke kwenye hati. Tulikubaliana thamani ya pauni 28,000. Nililipa pauni 195, kodi ya bima ya asilimia 12 ikiwa ndani.

Watu wengi wakisikia 195 wanaishia hapo. Namba ya kutazama ni eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti. Kwangu ilikuwa asilimia 10 ya thamani ya gari, si ya hasara. Pauni 2,800. Ukikwaruza bampa na kuvunja taa, hiyo ni yako yote. Bima hii ni ya siku gari linapogeuka chuma chakavu, au karibu na hapo, na ukiinunua ukitegemea itengeneze mikwaruzo utaichukia bure.

Halafu kuna isichobeba. Injini kufa, giaboksi kusaga meno, klachi kuungua, matairi na pedi kuisha: vyote juu yako, kwa sababu inalipa ajali tu. Kulivuta gari kutoka uwanjani hadi nyumbani, juu yako. Na muhimu zaidi, haikulipii madhara unayomfanyia dereva mwingine, wala yeye hakulipi wewe. Asubuhi kila mmoja anasaini fomu ya kukubali hatari, na tangu hapo kila mtu na gari lake.

Suala hili la kulipa wengine lina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Vnuk, mtu wa Slovenia aliyeangushwa kwenye ngazi na tela la trekta shambani. Uamuzi ulipanua bima ya lazima hadi kwenye ardhi binafsi, na watu wa michezo ya magari wakaona viwanja vyao vitakufa, kwa kuwa hakuna kampuni ingekubali kubeba mzigo huo kwa bei ya kulipika. Bunge la Uingereza liliuondoa uamuzi huo katika sheria za hapa mwaka 2022. Naunga mkono walichofanya. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyekugonga uwanjani hana bima ya lazima ya kukulipa, na lazima uingie ukiwa umejikinga mwenyewe.

Uwanja ulikuwa Brands Hatch, Kent, ule mzunguko mfupi wa Indy wenye maili 1.2. Kwa wasioufahamu, hapa ndipo mashindano ya Formula One ya Uingereza yalipokuwa yakifanyika kwa kupokezana na Silverstone kuanzia 1964 hadi 1986. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inakuingiza kulia huku ardhi ikikatika chini yako. Unaikaribia huoni inakokwenda, kisha tumbo linabaki juu na gari linatelemka. Picha haziwezi kuonyesha mteremko ule. Baada yake unapanda hadi Druids, kona kali kama za mlima Kitonga kule Iringa, halafu unashuka tena kuelekea kushoto, Graham Hill. Mpangilio wa siku ulikuwa mzuri: maelezo ya usalama, mizunguko ya kwanza taratibu nyuma ya gari la mkufunzi, kupita upande wa kushoto tu na kwa ridhaa ya anayepitwa. Kupima muda ni marufuku kabisa. Likumbukeni hili la muda, nitalirudia.

Mchana, kwenye kushuka Graham Hill, gari moja mbele yangu lilipasuka mpira wa maji ya rejeta. Maji yale huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na kwenye lami kavu yanateleza kuliko mvua. Bendera ya tahadhari ilikuwa bado haijanyanyuliwa. Nyuma ya gari ilichomoka, nikapinda usukani kuifuata, ikarudi kidogo, kisha nyasi, kisha ukuta wa matairi kwa pembe ya nyuma kulia. Mlio wake ni mzito na mfupi. Bendera nyekundu zikatoka, wasimamizi wakafika nikiwa bado nimeshika usukani, mmoja akaniuliza jina langu na leo ni siku gani kabla hajaniruhusu kufungua mkanda. Walinipeleka kwa daktari wa uwanja, nikawa mzima. Nawashukuru sana vijana wale.

Dereva wa lile gari alikuja mwenyewe, akanipa mkono, akasikitika kweli. Hakuwa na kosa, mpira umepasuka. Hata angekuwa nalo, nisingekuwa na pa kumdai.

Hasara: bampa la nyuma, taa, rimu na tairi lake, mikono miwili ya sospensheni na paneli ya ubavuni iliyoingia ndani kiasi cha kiganja. Gereji iliyoidhinishwa ilikadiria pauni 7,400. Ukitoa 2,800 yangu, kampuni ilitakiwa kulipa 4,600, na ndizo ilizolipa mwishowe. Ila hazikuja kirahisi.

Kwanza walitaka taarifa ndani ya saa 24. Niliwapigia nikiwa palepale kwenye maegesho ya uwanja, na nawasihi mfanye hivyo hivyo. Pili, mkadiriaji wa hasara alitaka tairi la nyuma lihesabiwe kuwa limeisha, si kuwa limepasuliwa na ajali. Nilikuwa na picha za kashata za matairi yote manne nilizopiga asubuhi kabla ya kuingia, zikionyesha kina cha kutosha, akakubali. Tatu, ndilo lililonichosha: waliomba video ya kamera yangu ya ndani na kuniuliza kwa maandishi kama nilikuwa na programu ya kupima muda kwenye simu. Sikuwa nayo. Ingekuwepo, wangeweza kusema nilikuwa nashindana, na dai lote lingekufa. Barua pepe zilikwenda na kurudi kwa wiki kadhaa kuhusu swali hilo moja, kila mara na ofisa mpya anayeanza upya. Hapo kampuni ilinikosea. Mtu aliyetoa video yote bila kukata anastahili jibu la haraka kuliko hilo.

Aliyeniokoa ni dalali. Alichukua faili, akampigia moja kwa moja mwandishi wa hati, yaani yule ofisa wa kampuni aliyekubali kuibeba bima yangu, na baada ya hapo mambo yakasonga. Ukinunua kwa bei rahisi kwenye tovuti isiyo na mtu wa kumpigia, huyu hutampata. Vipuri vilikuwa halisi vya Toyota na rangi imelingana vizuri. Nimeitazama juani na kivulini, sioni mpaka. Kwa jumla naipa huduma nyota nne, na hiyo moja inakatwa kwa zile barua pepe.

Gharama ya kulivuta gari kutoka Kent hadi kwangu niliibeba mwenyewe. Kampuni nyingi za kuokoa magari barabarani hukataa gari lililoharibikia kwenye uwanja wa mbio, kwa hiyo kuwa na namba ya mtu mwenye tela si anasa. Na kama gari lako bado ni la mkopo, soma mkataba wa mkopo kabla hujasoma wa bima, maana mkopeshaji ndiye mwenye gari na wengine hawaruhusu kabisa liingie uwanjani.

Je, kila mtu ainunue? Rafiki yangu wa Mombasa ana Mazda MX-5 ya zamani, thamani yake kama pauni 3,000. Nilimwambia asihangaike, hizo pesa za bima aziweke, na siku ikiharibika anunue nyingine. Lakini mwenye gari la michezo kama Porsche Cayman, Alpine au GR86, ambaye akipoteza gari atakuwa ameliaga kwa miaka, asiingie bila hii. Na aombe thamani ya makubaliano iandikwe kwenye hati. Bima ya thamani ya soko itakuletea ubishi juu ya bei wakati gari liko kwenye tela.

Bonasi yangu ya kutodai kwenye bima ya barabarani haikuguswa, kwa sababu hizi ni hati mbili tofauti. Lakini muda wa kulipia upya ulipofika, fomu iliuliza kama nimepata ajali au hasara yoyote miaka mitano iliyopita, iwe kosa langu au si langu. Nilijibu ndiyo, nikaeleza kuwa ilitokea uwanjani chini ya bima nyingine. Ada ilipanda pauni 64.