Modemu ya ndani ya Kariakoo: msinunue. Au nunueni, ila asiiweke fundi wa duka

Nusu nyota. Na hiyo nusu ni kwa sababu kadi imekuja na waya wake wa simu.

Nazungumzia zile modemu za ndani, kadi za kuunganisha kompyuta na intaneti kwa laini ya simu, za kuchomeka kwenye tundu la ISA (tundu la kadi la aina ya zamani), zilizokuwa zikiuzwa enzi za Windows 98 ndani ya mfuko wa plastiki bila boksi wala jina la maana. Kasi yake mtaisoma wenyewe kwenye kibandiko. Mimi nina hoja na kilichotokea dukani mara tu ilipowekwa. Windows 98 iliiona modemu vizuri, ikabonyezwa kupiga, na palepale mausi ikaganda. Modemu nayo kimya. Fundi akaitazama kama dakika moja hivi, akatoa hukumu: modemu imekufa, ama laini ya simu ya nyumbani mbovu, dawa ni kununua ile ya bei ya juu. Nikamwambia, kijana wangu, hebu tuangalie IRQ kwanza. Akawageukia wenzake wakacheka. "Mzee wangu, hii si redio ya mbao."

Haya. Tuifungue hiyo redio ya mbao.

Mausi ikiganda pale modemu inapofunguliwa, modemu haijafa. Maiti haimkabi mtu koo. Hapo kuna vifaa viwili vinavyogombea IRQ moja, yaani ile waya ambayo kifaa hutumia kumwita prosesa aache anachofanya amsikilize. Mausi ya siriali, yenye plagi ya matundu 9, kwa kawaida iko COM1, yaani poti ya kwanza ya siriali: anwani 3F8 (namba ambayo prosesa huitafutia poti), IRQ 4. COM2 ni 2F8, IRQ 3. COM3 ni 3E8, lakini IRQ ni 4 tena. COM4 ni 2E8, na IRQ 3 tena. Anwani nne, IRQ mbili! PC ya IBM ya 1981 ilikuwa na IRQ nane tu za kugawia kila kitu, kwa hiyo COM3 na COM4 zilipokuja zikapangishwa chumba kimoja na wenyeji. Na kwenye ISA chumba hicho hakikaliki wawili. Mashine husikia ile ishara inapopanda tu; kadi ya kwanza ikiwa imeshaipandisha waya, ya pili hata ikipiga kelele haisikiki.

Sasa kadi hii inatoka kiwandani ikiwa COM3, IRQ 4, na karatasi yake inakushauri uiache hivyohivyo. Mwenye mausi ya PS/2, ile ya plagi ndogo ya duara, ataona iko sawa tu, maana mausi yake iko IRQ 12 na COM1 haina mtu. Lakini mashine za mitumba tulizokuwa tukinunua sisi, nyingi zilikuwa na ubao mkuu wa zamani wa aina ya AT na mausi ya siriali. Karatasi hiyo imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuziona.

Kuthibitisha ni dakika mbili. Washa upya kwenye DOS, andika debug, Enter, kisha d 40:0, Enter. Tazama namba nane za mwanzo za mstari wa kwanza. Ukiona F8 03 F8 02 E8 03 00 00, soma kila jozi kinyumenyume: 3F8, 2F8, 3E8, na ya nne haipo. Andika q utoke. Ukitaka kubaki ndani ya Windows, fungua Device Manager, chagua Computer, kisha Properties, utaona orodha ya IRQ zote na nani anakalia ipi. Usisubiri alama ya mshangao ya manjano. Mgongano wa COM1 na COM3 mara nyingi hauiwashi, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea: hawaoni manjano, wanasema kifaa kimekufa.

Dawa yake ni kuipa modemu COM2 nzima, isiazime cha mtu. Washa mashine ukibonyeza Delete, ingia Integrated Peripherals, weka Onboard Serial Port 2 kuwa Disabled, hifadhi. Tundu la pili la siriali nyuma ya mashine halitafanya kazi tena, basi usichomeke kitu hapo. Zima, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, toa kadi. Kuna mafungu mawili ya pini zenye vikofia (jumper): moja la kuchagua COM, jingine la kuchagua IRQ. Hamisha yote mawili, COM2 na IRQ 3. Narudia, yote mawili. Ukihamisha la COM peke yake, unakuwa umebadilisha anwani na ugomvi umebaki pale pale IRQ 4.

Rudi Windows, ingia Safe Mode kwa F8, futa modemu ya zamani na kila poti iliyojirudia kwenye orodha; huko ndiko mizuka huonekana. Washa kawaida, acha itafute kifaa upya. Halafu Control Panel, Modems, Diagnostics, bonyeza More Info. Unataka kuona Interrupt 3, Address 2F8, na UART, yaani chipu ya kupokea na kutuma data ya poti, iwe NS 16550AN.

Hapa lazima niwe mkweli, hata kama inaniuma. Hiyo 16550 iko kwenye kadi kweli, na ina akiba ya baiti 16. Poti ikiwekwa 115200, baiti mpya hufika kila baada ya takriban sekunde 1 gawa kwa 11,520. UART za zamani, 8250 na 16450, zina nafasi ya baiti moja tu, prosesa akichelewa kidogo data imemwagika. Tena kadi hii inakupa vikofia vya kuhamisha kwa mkono, tofauti na zile modemu zilizofuata za tundu la PCI zisizo na UART ya kweli, ambazo kazi yote humtwika prosesa na bila draiva yake ni kipande cha plastiki. Kwa hiyo nusu nyota naifuta. Kadi hii ni nyota nne. Fundi ndiye sina nyota ya kumpa.

Ila ngojeni kidogo. Nne ni nyingi. Ni kadi fupi, ya meno ya sehemu moja, ya biti 8, na nyaya za IRQ 10, 11, 12, 14 na 15 ziko kwenye sehemu ya pili ya tundu ambayo kadi hii haiifikii. Mwenye mausi COM1 na kifaa kingine cha lazima COM2 amebanwa: IRQ 5 kwa kawaida inakaliwa na kadi ya sauti, 7 ni ya printa. Na msikimbilie COM4 kama mna kadi ya picha ya S3, kwa sababu nyingi kati yake hutumia anwani ya 2E8 pia. Nyota tatu.

Tatizo likirudi asubuhi baada ya umeme kukatika usiku, msiivue tena modemu. Angalieni betri ya ubaoni, ile ya duara, CR2032. Ikiisha, mashine isiyo na umeme husahau mipangilio ya BIOS, ile uliyoiingia kwa Delete, COM2 ya ubaoni inajiwasha yenyewe, na modemu inajikuta na mgeni kwenye 2F8. Dalili ya haraka ni saa ya kompyuta kurudi nyuma miaka. Betri mpya ni volti 3. Ukipima ya zamani ukapata chini ya 2.8, itupe.

Ukiambiwa poti imeshafunguliwa, hiyo siyo IRQ kabisa. Ni programu imeikalia, mara nyingi ya faksi au ya kuchunga UPS. Ifunge.

Na ile "laini yako mbovu" ya fundi inapimwa hivi. Fungua HyperTerminal, programu ya Windows ya kuiandikia modemu amri, moja kwa moja kwenye COM2, andika AT. OK ikirudi mara moja, poti ni nzima. Ikirudi kwa kusuasua, herufi mojamoja, au ikatokea tu ukisogeza mausi, IRQ bado ina ugomvi. Isiporudi kabisa, anza na anwani. Kisha ATL3M1, halafu ATH1: spika ya modemu itakusikilizisha mlio wa laini kama umenyanyua simu. ATH0 kukata. Ukiusikia mlio kwa sikio lako na modemu bado inalalamika NO DIALTONE, basi haiutambui mlio wa huku tu. Nenda Modems, Properties, Connection, Advanced, na kwenye Extra settings andika X3. Itapiga bila kuusubiri. Laini ya nyumbani kwangu ilikuwa nzima tangu mwanzo, na X3 haikuhitajika hata mara moja.

Kilichobaki ni kikofia. Fundi alipokuwa akiivua kadi "aiangalie," vikofia viwili vya fungu la IRQ vilitoka, na kilichorudi kwenye mfuko ni kimoja. Cha pili alisema hakiuzwi peke yake, ninunue kadi nyingine. Kikofia cha CD-ROM iliyokufa, kile cha kuchagua Master au Slave, ni saizi ileile. Kimeingia kwenye IRQ 3 bila kulazimishwa. Hata bisibisi haikuhitajika, ukucha ulitosha.