Uzoefu wangu: Programu ya muziki iliyotufungia nje tukiwa ndani

Nimekaa na hasira hii kwa majuma kadhaa kabla ya kuandika, nikitumaini kwamba itapoa na nitaweza kusema mambo kwa haki, lakini haijapoa, na naona ni heri niandike ikiwa bado ya moto kuliko kunyamaza na kuwaacha wengine watoe fedha zao bila kujua. Ninazungumzia ile programu ya kuchezea muziki nyumbani, ambayo unaiweka kwenye kompyuta ndogo yenye diski ya nyimbo zako mwenyewe, unaiunganisha na spika za vyumba mbalimbali, kisha unachagua wimbo kwa simu ukiwa umekaa popote ndani ya nyumba. Sifa zake zimeandikwa kwa wingi na wanaoiuza, kwa hiyo sitazirudia. Nitasema lile ambalo hawakuliandika, kwamba nyimbo ni zako, diski ni yako, umeme unalipia wewe, lakini ruhusa ya kuzisikiliza iko kwenye kompyuta za watu walio mbali, na siku ruhusa hiyo isipopatikana, hata kama wageni wamejaa sebuleni, hutasikia kitu.

Lazima nieleze kwanza nyimbo zenyewe, kwa sababu bila hizo mtu ataona nimekasirikia jambo dogo. Baba yangu anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe, na kwa miaka mingi alikuwa na mazoea ya kurekodi kanda. Nyingine alizirekodi kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, akiiweka redio kaseti mbele ya redio kubwa na kutuamuru watoto wote tunyamaze mpaka wimbo uishe, na ukisikiliza vizuri katika baadhi ya kanda hizo utasikia mlango ukifungwa taratibu na mtu aliyesahau amri. Nyingine alizirekodi nyumbani, na kati ya hizo ipo moja ambayo kwetu haina bei. Ni ya baba yangu mdogo akipiga enanga, ala yetu ya mti uliochongwa kama kihori, nyuzi zikiwa zimepitishwa juu yake kwenda na kurudi. Kabla ya kuanza anakohoa, anamuuliza baba kama mashine imeshaanza kunasa, jogoo anawika nyuma ya nyumba, naye anacheka kidogo na kuanza kupiga hivyo hivyo, kicheko kikiwa hakijaisha. Baba mdogo alifariki miaka mingi iliyopita, na sauti yake haijabaki mahali pengine popote.

Mimi ndiye niliyemshawishi baba aniletee kanda zake huku Mwanza. Nilimweleza kwamba utepe unachakaa na kushika ukungu, kwamba redio kaseti yake imeanza kutafuna kanda, na kwamba mimi nitazihamishia kwenye diski zikae salama. Alizileta kwa meli ndani ya begi la safari, zaidi ya themanini, akiwa amelipakata begi hilo njia nzima. Kazi ya kuhamisha kanda haina njia ya mkato, kwani kanda ya dakika 60 inakudai dakika 60 zilezile, pamoja na kukaa karibu ili ukisikia utepe unavutwa vibaya uuzime mara moja. Niliifanya jioni baada ya kazi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nilizihifadhi kwa mfumo wa FLAC, ambao umekuwa wazi kwa kila mtu tangu 2001, haumdai mtu ada, na unapunguza ukubwa wa faili bila kuipunguza sauti yenyewe. Nautaja mfumo huu kwa sababu moja tu, kwamba katika mafaili yale hapakuwa na kufuli la aina yoyote. Kufuli lililetwa na programu niliyoinunua kwa ajili ya kuyacheza.

Nikiri kwamba miezi ya mwanzo niliisifu sana, na sifa nyingine bado inazistahili. Kuna bendi iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikaja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, na programu nyingine zote nilizojaribu zilikuwa zinazigawa kanda zake kana kwamba ni bendi nne zisizojuana. Hii iliniruhusu kuziunganisha kwa mkono wangu na ikaheshimu nilivyofanya. Sauti ilikuwa inatoka sebuleni na jikoni kwa wakati mmoja bila chumba kimoja kutangulia kingine, jambo ambalo si rahisi, maana kila spika ina saa yake ya ndani na lazima zote zipatanishwe muda wote. Nililipa ada ile kubwa ya mara moja, ile wanayoiita ya maisha, na nikawaambia wenzangu wawili kazini nao wailipie. Wale wenzangu nimeshawaomba radhi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, mvua za masika zikiwa zinaishia, na ukoo ulikutana kwangu Isamilo kwa ajili ya kumkumbuka baba mdogo. Baba alivuka na meli ya kutoka Nansio. Binti wa mwisho wa baba mdogo alikuja kutoka Sengerema, na huyo ndiye niliyekuwa ninamwazia tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa bado ananyonya baba yake alipofariki, na hajawahi kuisikia sauti yake hata mara moja. Nilikuwa nimempigia simu na kumwahidi. Tulikula sato na ugali wa muhogo, vyombo vikaondolewa, watoto wakakalishwa kwenye mkeka, baba akavua kofia na kuipachika gotini. Nikachukua simu, nikaufungua ukurasa wa kanda ile, nikabonyeza.

Duara likaanza kuzunguka. Likazunguka kwa muda ambao ukiwa peke yako ni mfupi, lakini mbele ya watu ishirini na watatu wanaokutazama mkononi ni mrefu kupita kiasi. Kisha ukatokea ujumbe wa Kiingereza unaosema kwamba muda wangu wa kuwa ndani ya akaunti umekwisha na ninatakiwa kuingia tena. Nikaandika neno la siri. Ukatokea ujumbe mwingine kwamba programu imeshindwa kuwasiliana na huduma. Ni kweli, intaneti ilikuwa imekatika mtaani kwetu tangu asubuhi, lakini mimi sikuwa ninaomba kitu chochote kutoka kwenye intaneti. Kompyuta yenye nyimbo ilikuwa hatua tano kutoka nilipokaa, taa yake ya kijani ikiwaka. Spika zilikuwa zinawaka. Ruta iliyokuwa inaviunganisha vyote ilikuwa inawaka. Wimbo haukuwa na safari yoyote ya kufunga zaidi ya kutoka kwenye kabati la televisheni hadi kwenye spika iliyo dirishani.

Nilizima kila kitu na kuwasha upya. Nikajaribu kwa simu ya mume wangu, nikapata jibu lilelile. Nikajaribu kununua bando la simu ili nipitishie huko, na kwa hapa kwetu mlimani kwenye mawe bando nalo likawa halina nguvu ya kufikisha hata neno la siri. Nikachomoa diski na kuipachika kwenye kompyuta mpakato ya mtoto, nikitaka nitumie VLC, programu isiyouzwa, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja huko Ufaransa, ambayo hucheza faili bila kukuuliza wewe ni nani. Kompyuta haikuweza kuisoma diski, kwa sababu programu ile ilipokuwa inawekwa iliiandaa diski kwa mpangilio wake ambao kompyuta za kawaida haziutambui. Baba akaniambia, kwa upole ambao uliniumiza kuliko kama angefoka, “Mama, acha. Kwani kanda yenyewe iko wapi?” Kanda ilikuwepo kwenye sanduku. Redio kaseti ya kuichezea ndiyo haikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimemwambia baba hatutaihitaji tena, naye akampa fundi aitumie kwa vipuri.

Mdogo wangu wa Sengerema akasema hakuna neno, dada, tutasikiliza siku nyingine. Aliondoka saa kumi kuwahi gari. Baba alirudi Nansio kesho yake kwa meli.

Nimesikia watu wakisema kwamba lawama hizi zinapaswa kwenda kwa waliokata intaneti. Sikubaliani nao hata kidogo. Sisi tunaoishi huku tunajua kwamba intaneti hukatika, kama umeme unavyokatika, na hilo si siri kwa mtu yeyote. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya Bahari ya Hindi zilikatika na nchi nzima ikakaa na intaneti ya kuchechemea kwa siku kadhaa, na habari zilitangazwa hadi nje. Mtu anayetengeneza kitu cha kucheza nyimbo zilizomo ndani ya nyumba, kisha akakifanya kitegemee waya unaopita chini ya bahari, amekosea yeye. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba programu ilikuwa imejisasisha yenyewe usiku mmoja wa juma lile bila kuniuliza, na sasisho hilo ndilo lililoniondoa kwenye akaunti. Yaani kama ningekaa na toleo la zamani, baba mdogo angesikika.

Niliwaandikia siku ileile intaneti iliporudi, usiku wa manane, nikaeleza kila hatua kwa adabu. Jibu lilikuja baada ya siku chache na lilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema tatizo liko kwenye mtandao wangu, ya pili ilisema malalamiko yangu yamefungwa. Hapakuwa na pole, hapakuwa na swali hata moja. Nilisoma sentensi zile nikiwa kwenye daladala ya kwenda mjini, nikashuka kituo kisicho changu kwa sababu sikuona tulikopita. Nimefanya kazi ya kuhudumia watu dirishani kwa miaka mingi, ninajua siku zinavyoweza kuwa ngumu, lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba shida yake nimeifunga wakati bado amesimama mbele yangu.

Niliandika tena, kwa maneno makali zaidi, na safari hii akajibu mtu mwingine, ambaye nitamshukuru hapa kwa moyo wote. Alisoma. Alieleza kwamba ndani ya mipangilio ya seva, yaani ile sehemu ya programu inayokaa kwenye kompyuta yenye nyimbo, ukifungua ukurasa wa mtandao, kisha ukabonyeza sehemu ya kuonyesha mipangilio ya ndani zaidi, kuna mahali unapoweza kuandika anwani za vifaa vya nyumbani kwako ili visidaiwe kuingia kwenye akaunti. Nilifuata maelekezo yake, nikachomoa waya wa intaneti kwenye ruta, nikabonyeza wimbo. Baba mdogo akakohoa, jogoo akawika. Nilikaa chini sakafuni nikasikiliza mpaka mwisho.

Mtu atadhani hapo ndipo hasira iliishia. Hapo ndipo ilipozidi. Kumbe siku ile ya Jumapili programu ilikuwa na uwezo kamili wa kucheza bila kumwomba mtu ruhusa, ila waliotengeneza waliamua kuuficha uwezo huo mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hatafika, na wakaacha kufuli ndiyo iwe hali ya kawaida. Hilo si kosa la kiufundi, ni uamuzi wa mtu aliyekaa mezani. Nimewaomba wanirudishie fedha, wakajibu kwamba muda wa kurudisha ulikwisha zamani.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota moja na kuwaambia wote waikimbie. Nikikumbuka sauti inavyotoka vyumba vyote kwa pamoja, na yule wa pili aliyenijibu kama binadamu, nafikiria nyota tatu. Nikimkumbuka mdogo wangu akichukua mkoba wake kwenda kuwahi gari, nyota hizo narudi kuzitoa moja moja. Kwa asiye na subira ya kupekua mipangilio, nasema asiinunue. Kwa aliyekwisha kuinunua, aende leo kwenye ule ukurasa wa mtandao, azime pia kujisasisha, na awe na nakala ya nyimbo zake kwenye diski nyingine ambayo kompyuta yoyote inaweza kuisoma. Mimi yangu nimeshaitengeneza. Wimbo wa enanga nimeuweka pia kwenye flashi mbili, moja imekwenda Sengerema kwa basi, nyingine Nansio pamoja na redio ndogo ya kuchomeka flashi.

Programu yenyewe sijaifuta. Kila Jumamosi jioni nachomoa waya wa intaneti na kubonyeza wimbo ule, na mpaka sasa umecheza mara zote sita. Siku utakapokataa, naifuta usiku huohuo.