Kuchemsha maji au kutia klorini?

Kwa mtungi wa lita 20 wa maji ya bomba, klorini ni rahisi: tia, funika, ngoja nusu saa. Tena huendelea kuyalinda maji hata mtoto akichovya kikombe kichafu. Ila kriptosporidiamu, kijidudu kinachowaharisha watoto, huistahimili. Maji yakitokota hakiponi. Ya mtoto mchanga mimi nachemsha, bei ya gesi iwe iwavyo.

Maji ya kisima kirefu yanayoletwa na malori mitaani Nairobi ni habari nyingine. Mengi yana madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ndiyo hutia meno madoa ya kahawia. Klorini haiiondoi. Kuchemsha huikoleza kidogo, maana maji hupungua nayo ikabaki.