Programu za hedhi kwenye simu: zafaa kuhesabia eda?

Eda ni muda anaosubiri mwanamke aliyeachwa kabla ya kuolewa tena. Programu hizi, kama daftari, zinafaa sana. Kama hakimu wa talaka, hazifai kabisa.

Talaka ya sunna, inayofuata mafundisho ya Mtume, ni moja, mke akiwa katika tohara (siku za usafi baina ya hedhi mbili) ambayo mumewe hajamwingilia. Hapa programu inasaidia kweli: kalenda yake inaonyesha siku damu ilipokatika, na nyingi zina alama ya kuwekea tendo la ndoa. Alama ikiwepo ndani ya tohara hiyo, mume asubiri hedhi ije, ipite. Akitamka ndani ya hedhi, kwa madhehebu ya Shafii amepata dhambi na talaka imehesabika, ni sunna amrejee, kama sahaba Ibn Umar alivyoamrishwa na Mtume (s.a.w.).

Sababu ya dhambi hiyo inaonekana kwenye kalenda yenyewe. Kwa Shafii, eda ya mwenye kupata hedhi ni tohara tatu. Mke katahirika 5 Machi, kaachwa 12 Machi. Masalio ya tohara ile yanahesabiwa kuwa moja. Hedhi zikija 27 Machi, 24 Aprili na 22 Mei, eda inaisha damu ya 22 Mei inapoonekana: siku 71. Angeachwa 29 Machi, akiwa hedhini, hedhi hiyo haihesabiwi. Angesubiri hadi damu ya 19 Juni, siku 82. Huko ndiko kumrefushia mwanamke eda bure.

Kasoro kubwa ni utabiri. Programu hukisia hedhi ijayo kwa wastani wa miezi iliyopita, ikaipaka rangi kana kwamba imeshafika. Eda haiishi kwa rangi. Anayenyonyesha, au aliyechomwa sindano ya uzazi wa mpango, damu huweza kuchelewa miezi, na muda wote huo talaka rejea, yaani ile ambayo mume aweza kumrejea mkewe, inabaki rejea. Akiolewa kwa tarehe ya kukisiwa, ndoa ni batili. Hili halina masihara.

Kasoro ya pili: ukiweka tone la damu, nyingi huanza mzunguko mpya. Kwa Shafii hedhi haipungui mchana na usiku mmoja, haizidi siku 15, na tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu ya muda wa saa sita tu ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, wala haimalizi tohara.

Aliyekoma hedhi hukaa miezi mitatu ya mwandamo. Kalenda ya Januari hadi Desemba huweza kumzidishia siku, kwa hiyo atumie ya Hijria. Akiachwa katikati ya mwezi, mwezi huo hukamilishwa siku 30. Mjamzito eda yake ni kujifungua kwenyewe, si tarehe ya makadirio.

Na siri pia. Mwaka 2021 kampuni ya programu ya hedhi ya Flo ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, kwa tuhuma za kuzipa kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google, taarifa za afya za watumiaji.

Zima utabiri kama programu inaruhusu. Andika siku na saa ya kila damu kuanza na kukatika, na saa ya talaka, nakala moja iwe ya mkono. Kadhi akiuliza, hayo ndiyo anayoyahitaji.