Darasa la jioni kuhusu Katiba ya Marekani, Tabora mjini

Kituo cha masomo ya ziada kilichopo karibu na stesheni ya reli hapa Tabora kinawafundisha wanafunzi wa kidato cha tano na sita mada ya Katiba ya Marekani kwa kina cha kuridhisha. Mwalimu haanzii Philadelphia mwaka 1787, katiba ilipoandikwa, bali kwenye mkataba wa shirikisho wa 1781 uliounganisha majimbo ya Marekani, ambao uliliacha Bunge la pamoja bila mamlaka ya kutoza kodi wakati madeni ya vita vya uhuru yakidai kulipwa. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini wajumbe 55 waliotumwa kuurekebisha mkataba huo waliishia kuandika katiba mpya kabisa. Mgawanyo wa madaraka unaelezwa vizuri mno: Rais anaweza kuukataa muswada, lakini theluthi mbili za kura katika kila baraza kati ya mawili ya Bunge zinatosha kuupitisha bila yeye.

Kasoro kubwa ni utumwa. Kifungu kilichohesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu katika kugawa viti vya uwakilishi kilipitiwa kwa haraka, ilhali vijana wa mji huu, uliopitiwa na misafara ya watumwa, wanastahili mjadala mrefu zaidi. Marekebisho 10 ya katiba ya mwaka 1791, yanayolinda haki za raia, yamepewa kipindi kizima. Ada ni nafuu, nami ninalipendekeza darasa hili kwa wazazi.